Jumanne haina Simba wala Yanga

KWA kawaida ukurasa huu humweleza msomaji gunia la mahindi limeuzwa wapi na kwa bei gani, na kama ng'ombe amepanda au ameshuka mnadani. Wiki hii tunawaomba radhi wapenzi wa jedwali la bei. Tunataka kujadili bidhaa moja ambayo haijawahi kuingia katika jedwali lolote: benchi tupu siku ya Jumanne.

Msomaji aliyepita katika vijiji kama Kenyamonta, wilayani Serengeti, ameyaona mabanda tunayoyazungumzia. Ni nyumba ya mabati yenye dishi juu ya paa, na ukuta wake umepakwa nyekundu na nyeupe, au njano na kijani. Ndani kuna mabenchi ya mbao, runinga moja na ubao wa kuandikia mechi. Hilo ndilo tawi. Jioni ya mechi hapapitiki, na joto la watu waliobanana humo ndani ndilo lililofanya mabanda haya yaitwe vibanda umiza. Pita Jumanne saa nne asubuhi: mlango una kufuli, na wanaofaidi kivuli chake ni mbuzi.

Kutoka Kenyamonta hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara. Kwa shabiki wa huko, banda ndilo uwanja wake. Amelichangia kwa fedha zake, pengine kwa kuuza debe la ulezi au jogoo. Kwa hiyo banda linapokufa, zinazopotea ni akiba za watu wenye kipato kidogo, na hilo ni jambo la ukurasa wa biashara kama lilivyo la ukurasa wa michezo.

Hoja ya makala haya ni moja. Kinachoua mabanda ya mashabiki ni siku zisizo na mechi, na dawa yake haimo ndani ya runinga. Imo katika paa, baraza na mabenchi, vikipangishwa kwa watu ambao hawaulizwi ni wa timu gani.

Tabia ya redio, gharama za runinga

Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Kwa miaka mingi tawi la kijijini lilikuwa mti na redio. Mwenye redio alikuja nayo, watu wakasikiliza, mechi ikaisha, akaondoka nayo. Kivuli cha mti hakidai kodi. Tawi la namna hiyo liliweza kulala miezi miwili bila hasara yoyote.

Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994. Azam TV ilianza kurusha matangazo Desemba 2013, na mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mpira umekuwa biashara kubwa. Lakini tawi la kijijini halina mgao katika fedha hizo. Lenyewe ni mteja anayelipia king'amuzi kama wateja wengine. Matawi mengi bado yana tabia ya wakati wa redio, huku yakilipa gharama za wakati wa runinga.

Wanafunzi wa biashara hufundishwa kuhusu gharama za kudumu, yaani zile zinazolipwa hata mlango ukiwa umefungwa. Tuchukue banda la mfano. Takwimu zifuatazo ni za kufundishia tu, na kila tawi liweke za kwake. Kodi ya nyumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi, king'amuzi 35,000, umeme 25,000, msimamizi 60,000, leseni na vibali tukivigawa kwa miezi ni 15,000. Runinga ya shilingi 900,000 itakayodumu miaka mitatu inachakaa kwa shilingi 25,000 kila mwezi, hata kama hakuna anayezitoa mfukoni leo. Jumla ni shilingi 200,000 kwa mwezi.

Sasa mapato. Tuseme kuna siku 10 za mechi kwa mwezi, wastani wa watu 35, kiingilio shilingi 500. Hiyo ni shilingi 175,000. Pengo ni 25,000, na kwa miezi 10 ya ligi pengo linafikia 250,000. Kisha zinakuja Juni na Julai, ligi za hapa na za Ulaya zinapopumzika. Tukijipa siku tatu tu za kuonyesha kwa mwezi, mapato ni 52,500 na pengo ni 147,500. Kwa miezi hiyo miwili ni 295,000. Mwaka mzima banda letu limepungukiwa shilingi 545,000, ingawa kila Jumamosi mlangoni kulikuwa na foleni.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuchangia tawi moja la namna hii akiwa mwanafunzi. Hatutalitaja. Foleni ya Jumamosi ilitudanganya sote tukaamini tunapata faida. Julai ilipofika, deni la kodi lilikuwa limelimbikizana, runinga ikauzwa kulilipa. Agosti ligi ilipoanza tulikuwa na kuta, mabenchi, na dishi lisilo na kitu cha kuunganishwa nacho. Hakuna aliyeiba. Hakuna tu aliyekuwa amehesabu Jumanne.

Siku iliyo mikononi mwa wengine

Wapo watakaosema dawa ni kuongeza mechi, yaani kifurushi kikubwa zaidi na runinga pana zaidi. Tunapinga. Siku ya mechi ni siku nzuri, lakini tawi haliimiliki. Machi 2020 ligi ilisimamishwa kwa sababu ya korona, ikarudi Juni. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ya watani wa jadi iliahirishwa siku hiyo hiyo baada ya mvutano juu ya saa ya kuanza, ikachezwa Julai 3. Tarehe 8 Machi 2025 mechi ya watani hao hao iliahirishwa tena siku yenyewe, ikachezwa Juni 25. Mwenye banda aliyekopa vinywaji na kukodi viti vya ziada kwa ajili ya jioni hiyo hakuwa na mahali pa kudai fidia.

Watu wa Mara wana mfano wa karibu zaidi. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Msimu wa 2020/21 ilimaliza ya nne na kupata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaifunga Al Ahli Tripoli mabao 2-0 hapa nyumbani, lakini Oktoba 2021 haikusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano na ikatolewa. Mwaka 2022 ikashuka daraja. Katika muda wa miezi michache, yeyote aliyekuwa amepanga biashara yake kwa kutegemea safari za Simba na Yanga kuja Uwanja wa Karume, Musoma, alibaki na mpango tu. Mfanyabiashara hawezi kuweka kodi ya nyumba mikononi mwa mshambuliaji.

Hata wakubwa wameliona hilo. Klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza hucheza mechi 38 za ligi kwa msimu, na 19 tu ndizo za nyumbani. Ndiyo maana Tottenham walipofungua uwanja wao mpya London mwaka 2019, waliujenga ili nyasi ziweze kuondolewa na chini yake kubaki uwanja wa mpira wa Kimarekani, na huingiza matamasha ya muziki humo humo. Hapa kwetu, jengo la Simba mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, lina maduka ya kupangisha. Kanuni ni ile ile kwa jengo la Msimbazi na kwa banda la mabati: nyumba haina msimu, ila mechi ina msimu.

Shilingi 2,150 kwa siku

Turudi kwenye banda letu la mfano. Tukihesabu mwezi kwa siku 30, siku zisizo na mechi ni 254 kwa mwaka. Gawanya pengo la 545,000 kwa siku hizo. Jibu halifiki shilingi 2,150 kwa siku. Hiyo ndiyo bei ya uhai wa tawi, na si fedha ya kutisha.

Mpangaji wa kwanza ni mama lishe. Baraza lenye kivuli na mabenchi ya kukalia ni mtaji ambao yeye angetumia muda mrefu kuupata. Akilipa shilingi 30,000 kwa mwezi, anapata mahali pa kuuzia chai na maandazi asubuhi na ugali mchana, na siku ya mechi anapata wateja waliokwisha kukaa. Wa pili ni kinyozi katika kona ya mbele, kwa shilingi 20,000, na umeme wa LUKU anajinunulia mwenyewe. Wawili hao ni shilingi 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka. Pengo limezibwa na zimebaki 55,000, bila kuongeza hata mechi moja.

Zaidi ya hapo kuna mapato ya siku moja moja. Vikundi vya kuweka na kukopa vinahitaji mahali pa kukutana pasipo na mvua. Siku ya mnada, mtu aliyetoka mbali na mifugo anatafuta pa kukaa, pa kula na pa kuchajia simu. Kikao cha harusi kitalipia mabenchi. Ila tuelewane: viti vya msiba havitozwi. Tawi litakalomdai mfiwa fedha ya benchi litakuwa limepata shilingi elfu chache na kupoteza kijiji kizima.

Msomaji atauliza, je, kwa nini tusionyeshe sinema siku hizo? Kwanza, kuonyesha filamu hadharani kuna sheria yake tangu mwaka 1976 na kunahitaji kibali. Pili, siku hizi sinema zimo ndani ya simu. Tatu, mtazamaji wa sinema Jumanne saa nne asubuhi ni mtoto ambaye alipaswa kuwa darasani, na mzazi akilichukia banda Jumanne hatalipenda Jumamosi.

Ubao na mizani

Kuna jambo moja ambalo ukurasa huu unalipa uzito wa pekee. Juni na Julai, ligi inapolala, ndiyo miezi mavuno ya masika yanapoingia sokoni. Wanunuzi wa mahindi wanakuja na malori, fedha zinaonekana kijijini, na wakulima wengi wanauza wakiwa barabarani, juani, kwa kipimo cha mnunuzi. Kipimo hicho mara nyingi ni rumbesa, gunia lililoshonewa kilemba mpaka likavuka kilo 100 zinazokubalika kisheria. Mkulima analipwa gunia moja na kutoa zaidi ya gunia moja.

Banda la mashabiki limekaa tupu wakati huo huo, likiwa na paa, sakafu, mlinzi na ubao. Tawi likiweka mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, linakuwa mahali pa kupimia mazao. Tuseme mnunuzi analipa shilingi 200 kwa kila gunia linalopimwa: magunia 500 ni shilingi 100,000, katika miezi ile ile ambayo banda lilikuwa likifa. Bei ya mizani iulizwe kwanza, na hesabu ifanywe kabla ya kununua. Na ule ubao ulioandikwa saa ya mechi siku ya Jumamosi, uandikwe bei ya mahindi, ulezi na mihogo siku ya Jumanne, kwa kupiga simu Mugumu, Tarime na Musoma. Mkulima anayejua bei ya miji mitatu hauzi kama mkulima asiyejua hata moja.

Fedha za mizani zinaweza kutafutwa. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tawi lenye mchanganyiko wa rika zote haliingii humo moja kwa moja. Lakini kikundi cha vijana au cha wanawake wa tawi, kilichosajiliwa, kinaweza kuomba. Ushauri wetu ni kwamba mkopo usinunue runinga kubwa zaidi. Kopa kwa ajili ya kitu kitakachofanya kazi Jumanne.

Rangi ya ukuta

Hapa ndipo tutakapogombana na mashabiki, nasi tuko tayari. Ukuta uliopakwa rangi ya timu moja kutoka juu hadi chini unawaambia nusu ya wanakijiji wapite mbali. Siku ya mechi hilo halina ubaya, pengine ndiyo raha yenyewe. Lakini mama aliyebeba mahindi kichwani, mzee anayetaka kunyolewa, na mwenyekiti wa kikundi cha akiba hawapaswi kufikiria timu kabla ya kuvuka kizingiti. Rangi ya tawi ibaki ndani, bendera ipandishwe siku ya mechi, na ukuta wa mbele uwe wa rangi ya kawaida wenye maandishi ya huduma zinazotolewa. Jumanne haina Simba wala Yanga. Ina wateja.

Wako pia wapangaji wa kukataliwa, na mara nyingi ndio wanaotoa kodi kubwa kuliko wote. Mwenye mashine za kubahatisha atafika na fedha taslimu mkononi. Muuza gongo atafika usiku. Hatuwakatai kwa mahubiri, tunawakataa kwa hesabu. Shilingi 500 iliyomezwa na mashine Jumatano haitakuwa kiingilio Jumamosi, na kijana aliyepoteza fedha ya mbolea humo ndani ataliacha banda, au baba yake atakuja kulifunga. Gongo ni haramu kisheria, na banda litakalofungwa na polisi limefungwa kwa wote, pamoja na mama lishe aliyekuwa akilipa vizuri.

Mali bila daftari

Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kodi ya Jumanne ikianza kuingia, ndipo ugomvi utakapoanza, kwa hiyo mambo matatu yaandikwe mapema.

La kwanza ni mkataba wa nyumba au kiwanja. Mabanda mengi yamesimama katika kiwanja cha mtu. Siku atakapoona mama lishe na kinyozi wanalipa, atapandisha kodi au atalitaka banda lake. Mkataba wa miaka miwili au mitatu, mbele ya mtendaji wa kijiji, ni karatasi ya bei ndogo kuliko kesi.

La pili ni madaftari mawili. Michango ya jezi na safari za kwenda kuiona timu iwe katika daftari la tawi. Kiingilio, kodi za wapangaji na gharama ziwe katika daftari la banda. Mapenzi na biashara vikikaa katika kurasa moja, mapenzi hula biashara. Kiongozi wa tawi naye alipe kiingilio kama wengine. Viongozi watano wanaoingia bure katika siku 10 za mechi ni shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani lile lile pengo letu la miezi ya ligi.

La tatu ni kusoma hesabu hadharani. Watu wa Mara hawahitaji kufundishwa kukaa pamoja na kuhojiana. Wanaijua ritongo tangu enzi za babu zao. Mara moja kila mwezi, mshika fedha asimame mbele ya wachangiaji, asome kilichoingia na kilichotoka, na ajibu maswali. Shilingi 25,000 za uchakavu wa runinga zitengwe mbele yao na kuwekwa mahali ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kuzitoa peke yake.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji mfadhili, wala barua kwenda makao makuu ya klabu Dar es Salaam. Linahitaji kikao kimoja kabla ya msimu kumalizika, wakati runinga ingali ukutani na watu wangali na moyo. Katika kikao hicho, badala ya kuanza na nani asajiliwe, mtu mmoja asimame aulize swali hili: mlango huu ulifungwa siku ngapi mwezi uliopita, na kila siku ilitugharimu kiasi gani? Tawi litakalolijibu kwa takwimu litaikuta runinga yake Agosti.

Wiki ijayo tutarudi kwenye bei.